Nini hasa hupungua mafuta yanapopungua

Swali husikika mara nyingi kwenye baraza za Ngamiani, mjini Tanga, na huulizwa karibu kwa maneno yaleyale: mafuta ya dunia yatakwisha lini? Huulizwa zaidi wiki ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, na tangu Chongoleani, hapa Tanga, ilipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limefuatiwa na swali la pili: ikiwa mafuta yanakwisha, haya yanayokuja kwetu ni yapi, na je, yatatupunguzia bei ya petroli? Maswali yote mawili ni ya haki, lakini la kwanza linayachukulia mafuta ya dunia kama maji ya mtungi, ambayo mtu akifunua kifuniko huona yamebaki kata ngapi. Mkazi wa Tanga hataiona siku ambayo tone la mwisho litatolewa ardhini, wala mjukuu wake hataiona. Atakachokiona, na amekwisha kukiona zaidi ya mara moja, ni mafuta yanayokuja polepole kuliko yanavyohitajika, kwa gharama kubwa kuliko jana, kupitia njia ambazo yeye hana mamlaka nazo.

Tuanze chini ya ardhi. Mafuta hayakai kwenye ziwa wala pango. Yamo ndani ya vinyweleo vya mwamba, kama maji yaliyofyonzwa na jiwe la matumbawe lililotolewa baharini. Kisima kinapochimbwa, shinikizo la gesi na maji yaliyo chini huyasukuma mafuta kuelekea juu, na kwa miaka ya mwanzo huweza kububujika yenyewe. Kadiri yanavyotolewa shinikizo hupungua, maji huanza kuchanganyika nayo, pampu hufungwa, maji au gesi huingizwa kwa nguvu ili kuyasukuma yaliyobaki, na hatimaye hufika mahali ambapo kuvuta pipa moja zaidi hugharimu kuliko thamani ya pipa lenyewe. Kisima hufungwa wakati huo, ingawa chini yake bado kuna mafuta mengi, mara nyingi zaidi ya nusu ya yale yaliyokuwapo.

Mfano unaonigusa kama mtu wa pwani ni wa Meksiko. Mvuvi mmoja aliyeitwa Rudesindo Cantarell aliona utando wa mafuta ukielea katika ghuba alikokuwa akivua, akatoa habari, na uwanja uliogunduliwa hapo ukapewa jina lake. Mwaka 2004 Cantarell ilikuwa ikitoa zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku, ikiwa miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa duniani; miaka michache tu baadaye haikufikisha hata robo ya kiasi hicho. Mafuta hayakuwa yamekwisha. Kilichokuwa kimepungua ni kasi ya kutoka kwake, na kasi ndiyo inayojaza matangi ya magari. Dunia hutumia zaidi ya mapipa milioni 100 kila siku, pipa moja likiwa na lita 159, na viwanja vinavyotegemewa leo vinazeeka vyote kwa pamoja, hivyo wachimbaji wanalazimika kufungua visima vipya kila mwaka ili tu kiwango cha jana kisishuke.

Hapo ndipo neno "akiba" linapowachanganya wengi. Inaposemwa kwamba nchi fulani ina akiba ya mapipa kadhaa, maana yake ni kiasi kinachoweza kutolewa kwa ufundi uliopo na kwa bei ya sasa, na ndiyo maana akiba huongezeka bei inapopanda na hupungua inaposhuka bila jiwe lolote kusogea chini ya ardhi. Uganda inakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5 katika miamba ya Bonde la Albertine, lakini yanayoonekana kuweza kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu. Mtu akitaja namba ya kwanza na mwingine ya pili, wote wawili wanasema kweli, nao wanaweza kubishana hadi usiku wa manane.

Mjiolojia wa Marekani aitwaye M. King Hubbert alijaribu mwaka 1956 kulitolea swali hili jibu la hesabu. Alisema uzalishaji wa mafuta katika majimbo ya Marekani ungepanda, ukafika kilele kati ya mwaka 1965 na 1970, kisha ukateremka. Wengi walimpuuza, lakini mwaka 1970 kilele kilifika kweli, na kwa karibu miaka 40 uzalishaji ukawa unashuka. Kisha likatokea ambalo hesabu yake haikulitazamia: wachimbaji walijifunza kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo kubwa, na kufikia mwaka 2018 Marekani ilikuwa imerudi kuwa mzalishaji wa kwanza duniani. Kisa hicho kimewafanya baadhi ya watu waseme kwamba wasiwasi wote ulikuwa wa bure. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Visima vya aina hiyo hutoa sehemu kubwa ya mafuta yake katika miaka miwili au mitatu ya kwanza kisha hudhoofika, kwa hiyo mtu hana budi kuchimba bila kupumzika, na fedha zikikatika leo, athari zake huonekana baada ya miezi michache. Dunia haikupata mafuta rahisi mapya. Ilijifunza kuyatoa yaliyo magumu.

Kwa ushahidi wa jambo hilo hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Chongoleani ni mwendo mfupi kutoka mjini. Bomba linaloishia pale lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba kwenye joto la kawaida huganda, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za kipupwe. Hayawezi kutiririka yenyewe. Kwa hiyo bomba zima limefunikwa kwa vizuia joto, limezikwa ardhini, na sambamba nalo zimepitishwa nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 tangu yanapotoka Hoima hadi yanapomiminwa melini. Fikiria maana yake: kabla pipa moja halijamtumikia mtu yeyote, nishati nyingine imeshatumika kuchimba, kuvuta, kusukuma na kupasha moto kwa urefu unaozidi umbali wa kutoka Tanga hadi Mwanza. Karne iliyopita ni wachache ambao wangejisumbua na mafuta ya namna hii, kwa sababu yalikuwapo mepesi karibu na bahari, yaliyohitaji kisima na bomba fupi tu.

Tazama pia muda. Mafuta ya Uganda yaligunduliwa mwaka 2006. Njia ya Tanga ilichaguliwa mwaka 2016, jiwe la msingi likawekwa Chongoleani na Rais Magufuli na Rais Museveni Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Miaka 16 ilipita kati ya kugundua na kukubaliana kutoa fedha, na katika kipindi hicho mabenki kadhaa makubwa ya Ulaya yalitangaza kwamba hayataufadhili mradi huo, kwa sababu za tabianchi na za haki za watu wanaopitiwa na bomba. Mtu anayesema kwamba bei ikipanda mafuta mapya yataletwa sokoni anasema kweli, ila anasahau kutaja kwamba yanaweza kuchukua muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza kidato cha nne.

Na ukubwa wake je? Likifanya kazi kwa uwezo wake uliopangwa, bomba litapitisha mapipa 216,000 kwa siku, yaani takriban mawili katika kila elfu moja yanayotumiwa duniani. Yale mapipa bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa, kama dunia nzima ingeyanywa peke yake, yangetosha kwa siku 14. Sisemi hivyo kwa kuudharau mradi, ambao kwa Tanga una maana ya ajira, ushuru na bandari yenye shughuli. Nasema ili ieleweke kwamba unaweza kubadilisha maisha ya rasi moja bila kubadilisha chochote katika mizani ya dunia. Hatari yake nayo haipimwi kwa mizani ya dunia: mwaka 2020 meli ya MV Wakashio ilikwama kwenye miamba ya Mauritius ikamwaga kama tani 1,000 za mafuta, na kiasi hicho, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na shehena ya meli moja ya mafuta ghafi, kilitosha kuyachafua matumbawe na mikoko ya eneo kubwa. Wavuvi wa huku wana haki ya kuuliza mpango wa dharura ukoje na umefanyiwa mazoezi mara ngapi.

Sasa swali la pili. Petroli ya Tanga haitashuka bei kwa sababu bomba limefika Tanga. Yanayokuja Chongoleani ni mafuta ghafi, na Tanzania haina kiwanda cha kuyasafisha. Kile cha Kigamboni kilichoanza mwaka 1966 kimebaki kuwa maghala ya kuhifadhia kwa zaidi ya miongo miwili. Mafuta ghafi yatapakiwa melini kwenda kwa wanunuzi wa nje, na petroli na dizeli zitaendelea kuja kwa meli nyingine, zikiwa zimesafishwa Ghuba ya Uajemi, India au kwingineko. Huenda meli hizo mbili zikapishana zikionana kwenye mkondo wa Pemba.

Bei inayobandikwa kituoni hutokana na vipande vingi, na mafuta yenyewe ni kimojawapo tu. Kuna bei ya mafuta yaliyosafishwa katika soko la Ghuba, inayoakisi hali ya wiki kadhaa zilizopita na si ya leo. Kuna malipo ya ziada ya mwagizaji, nauli ya meli na bima. Kuna thamani ya shilingi mbele ya dola. Halafu kodi na tozo. Kipande chochote kikivimba, bei hupanda hata kama mapipa ni yaleyale. Mwaka 2023 tuliona dola zikiadimika nchini, waagizaji wakitatizika, na baadhi ya vituo vikikauka wakati dunia ilikuwa na mafuta ya kutosha. Mwaka uliotangulia, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Uagizaji wa pamoja na mgawanyo wa meli kati ya Dar es Salaam, Tanga na Mtwara umesaidia kupunguza gharama, lakini hauwezi kuzuia wimbi linaloanzia mbali.

Na huko mbali pana milango myembamba. Karibu sehemu moja kati ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani imezoea kupita Mlango wa Hormuz, ambao mahali pake pembamba hauzidi kilomita 40 hivi. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilipoanza kushambuliwa karibu na Bab el-Mandeb, nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na siku za safari na nauli zikaongezeka bila kisima hata kimoja kuharibika. Wazee wetu walilijua jambo hili mapema. Nchi za Kiarabu ziliposusia kuwauzia mafuta baadhi ya mataifa mwaka 1973, bei ya pipa ilitoka kama dola 3 hadi karibu 12 ndani ya miezi michache, na taifa changa lililotegemea kuuza katani, kahawa na pamba likajikuta likihitaji marobota mengi zaidi ili kununua mafuta yaleyale. Wapo Tanga wanaokumbuka miaka ambayo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri.

Fedha nazo zina mawimbi yake. Bei ikiporomoka, kama ilivyotokea kati ya mwaka 2014 na 2016, kampuni hukata bajeti za utafutaji, na uhaba unaotokana na maamuzi hayo huonekana miaka mingi baadaye. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, bei ya mikataba ya mafuta ya Marekani ilishuka kwa siku moja hadi chini ya sifuri kwa sababu maghala yalijaa. Miaka miwili baadaye pipa lilikuwa zaidi ya dola 120. Juu ya hayo yote upo mpaka wa hewa, nao kwa maoni yangu ndio mzito kuliko wote: akiba zinazojulikana za makaa ya mawe, mafuta na gesi zikichomwa zote, joto la dunia litapita mbali viwango ambavyo mataifa yalikubaliana Paris mwaka 2015. Kwa hiyo dunia imebanwa pande mbili, kwa kuwa mafuta rahisi yamepungua, na hata yale magumu hatuna nafasi angani ya kuyachoma yote.

Njia mbadala ni ipi basi? Nimezoea kusikia ikitafutwa moja itakayochukua nafasi ya mafuta yote, jua, au gesi, au mibono ya kukamuliwa mafuta, au hidrojeni, na naamini kosa la mjadala mzima liko hapo. Mafuta hufanya kazi nyingi zisizofanana. Lita moja ya dizeli hubeba nishati karibu sawa na uniti 10 za umeme wa LUKU, wakati kuli hodari wa bandarini akifanya kazi kutwa nzima hutoa chini ya uniti moja. Hubebeka kwenye dumu, haihitaji waya, na haiozi upesi. Hakuna kitu kingine chenye sifa hizo zote. Lakini si kila kazi inazihitaji sifa hizo zote, na kazi isiyozihitaji ndiyo inayoweza kuachana na mafuta leo.

Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya dagaa pale Sahare. Nilipokuwa mdogo, usiku wa giza usio na mbaamwezi, bahari ya mbele ya mji ilionekana kama mtaa mwingine kwa wingi wa karabai. Kila boti ilibeba kadhaa. Kila moja ilipaswa kupigwa pampu, kuangaliwa upepo usiuvunje utambi wake, na kujazwa mafuta ya taa ambayo yalinywewa hadi alfajiri, na sehemu kubwa kabisa ya nishati ya mafuta hayo ilikuwa ikienda kwenye joto lililomuunguza mshika taa, mwanga ukiwa masalio tu. Kisha mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, bei yake ikakaribiana na ya dizeli, na karabai ikageuka kuwa mzigo. Miaka hiyohiyo taa za LED na paneli za sola zilikuwa zikishuka bei kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Hakuna aliyewaitia semina. Boti moja ilijaribu, nyingine zikatazama hesabu yake ya mwisho wa mwezi, na leo karabai ni kitu cha kuonyesha watoto. Betri huchajiwa mchana, jioni hubebwa begani hadi botini. "Mwanangu," aliniambia mjomba, "zamani tulibeba mafuta ya kuwasha na mafuta ya kuendea. Sasa ni ya kuendea tu."

Kazi ya kuwasha ilikuwa rahisi kubadilishwa kwa sababu mwanga hauhitaji nguvu nyingi. Kazi ya kupika inafuata, na hapa pana mkanganyiko ninaotaka kuuondoa. Watu wengi huamini kwamba mtungi wa gesi wa jikoni unatoka Songo Songo au Mtwara. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ni karibu yote methani, ambayo husafirishwa kwa bomba na kuzalisha umeme Dar es Salaam. Gesi ya mtungi ni ya aina nyingine, huagizwa kwa meli, na hutokana na uchakataji wa gesi asilia pamoja na usafishaji wa mafuta. Anayehama kutoka mkaa kwenda mtungi anaokoa mapafu yake na misitu ya Handeni na Kilindi, jambo jema sana, lakini chungu chake kinakuwa kimefungwa kwenye kamba ileile ya bei ya dunia. Bei ikipanda, atarudi kwenye mkaa, na tumeona wanaorudi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034 utakuwa imara zaidi ukiegemea pia umeme: jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na sehemu kubwa ya umeme huo hutoka kwenye mito yetu.

Mito hiyo Tanga inaijua. Maporomoko ya Pangani yamezalisha umeme tangu enzi za Waingereza, na leo Hale ina uwezo wa megawati 21 na Pangani mpya megawati 68. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye megawati 2,115, limebadilisha kabisa hesabu ya nchi. Lakini umeme wa maji hutegemea mvua, na mgao wa mwaka 2022 ulitukumbusha kwamba ukame haujali ukubwa wa mtambo. Jua halina msimu huo, ila huzama saa kumi na mbili na nusu, wakati kila nyumba inawasha taa na kupika. Maji yaliyohifadhiwa bwawani mchana, huku jua likifanya kazi, yanaweza kushika zamu ya usiku. Nadhani huo ndio uoanishaji unaotufaa kuliko wowote, kuliko kuyashindanisha mawili hayo.

Mkoa huu umejaribu pia mbadala wa shambani, na una mafunzo mawili ndani ya mkonge. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche ilikufa njiani, ikabaki 62 tu, na kutoka kwenye hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika izalishe zaidi ya tani 230,000 za katani mwaka 1964. Kilichoyaangusha kwa sehemu kubwa, pamoja na matatizo ya uendeshaji yaliyofuata, kilikuwa mafuta: kamba za plastiki, zilizotengenezwa kwa mabaki ya usafishaji wa petroli, zilikuwa rahisi kuliko katani. Familia nyingi za Muheza na Korogwe zilipoteza kazi kwa sababu pipa la mafuta lilikuwa rahisi mno. Kwa hiyo mkoa huu umeumizwa na mafuta yalipokuwa rahisi na umeumizwa yalipokuwa ghali, na mtu asifikirie kwamba bei ya chini ni neema kwa kila mmoja.

Funzo la pili limo kwenye korona, mashine inayokwangua majani. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia, nyuzi zinazotoka ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na takataka za kijani zinazotiririka nyuma ya kiwanda, zenye harufu ambayo kila aliyepita karibu anaifahamu, na harufu hiyo ni dalili ya gesi inayopotea. Hale walijenga mtambo wa kuivundika takataka hiyo na kupata biogesi ya kuzalisha umeme, kilowati 150, uliozinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2008. Ulionyesha kwamba jambo linawezekana. Ulionyesha pia ukubwa wake, kwa sababu ingehitajika mitambo zaidi ya 450 kama ule kuufikia Pangani mpya. Nguvu ya namna hiyo inakifaa kiwanda kilicho palepale pamoja na nyumba za wafanyakazi wake, na tukiitazama kwa kipimo hicho, inastahili kurudiwa kwenye kila korona.

Lilikuwapo pia lile vuguvugu la mibono kaburi na miwa ya ethanoli, lililoanza katikati ya miaka ya 2000 mafuta yalipokuwa yakipanda, hadi yakafika dola 147 kwa pipa mwaka 2008. Kisarawe maelfu ya hekta za vijiji zilikwenda kwa mwekezaji wa mibono, na kufikia 2011 mradi ulikuwa umeanguka, vijiji vikiwa havina ardhi wala ajira. Bagamoyo nako kampuni ya Kiswidi ilipanga shamba kubwa la miwa la ethanoli, ikaondoka kabla ya kulipanda. Mbono huota penye ukame, lakini hauzai sana penye ukame. Ukipewa ardhi nzuri na maji huzaa, nayo ni ardhi ileile ya mahindi. Kuweka injini na mtoto wa mkulima wagombee shamba moja ni jambo ninalolipinga bila kusita.

Zipo kazi ambazo bado hazijapata mrithi anayetosha. Tanuri la saruji linahitaji kama nyuzi 1,450, na viwanda vyetu huipata kwa makaa ya mawe ya Ruvuma au kwa gesi asilia. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni hutengenezwa hasa kwa gesi asilia, na inakadiriwa kwamba nusu ya wanadamu hula chakula kinachotokana nayo. Mkulima wa kabichi wa Lushoto, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, aliumizwa na uhaba wa gesi wa Ulaya mwaka 2022 kupitia mfuko wa mbolea. Malori ya masafa marefu na meli pia yatachelewa. Bodaboda, kwa upande wake, ipo tayari: huzunguka mji mdogo, hurudi kituo kilekile, na mota ya umeme hugeuza karibu nishati yote ya betri kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza robo tatu yake kwa joto.

Nilijaribu kumfanyia mjomba hesabu kama hiyo kwa boti yake. Usiku mmoja mashine yake ya nguvu ya farasi 40 hula petroli madumu mawili ya lita 20, yenye uzito wa kama kilo 30. Ndani yake mna nishati ya uniti 360, ambazo injini hutumia vizuri robo yake. Betri ya kufanya kazi hiyohiyo ingehitaji kuhifadhi uniti 90 hivi, na kwa betri za leo huo ni uzito wa takriban kilo 600, sawa na watu kumi walioketi botini bila kuvuta wavu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza bei, nikamtajia, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama boti ile ndogo ya kubebea taa, ambayo haiendi mbali na husubiri palepale usiku kucha, nayo ingehitaji kilo 600. Haingehitaji. Tulikaa mchangani tukaanza kuihesabu upya, yeye akitaja umbali kutoka Sahare hadi mwamba, mimi nikiandika.